Uwanga kutoka Pemba: uletwe viazi au unga?

Mama Nuru:
Assalaam aleykum ndugu zangu. Kuna mgeni anatoka Pemba, atashukia Frankfurt, anauliza alete viazi vya uwanga (vile viazi vya mwituni vinavyotolewa wanga mweupe) au unga wake. Ni wa kumpikia mzee uji tumbo likimsumbua, na ukibaki, halua ya Idi. Wenye ujuzi naomba mnieleze.

Bakari:
Waaleykum salaam dada. Alete unga, tena mkavu. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila zao bichi, hata lililo kwenye begi la abiria. Yaliyosamehewa ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Viazi vikiwa na udongo ndiyo kabisa, vitatupwa palepale. Unga utiwe kwenye mfuko uliofungwa vizuri na uandikwe jina, maana unga mweupe usio na jina huzua maswali forodhani.

Bi Saada:
Mwanangu, kwanza muulize huyo mgeni unga umeoshwa vipi. Kiazi kibichi cha uwanga ni kichungu na kina sumu. Usikifananishe na muhogo wa kuchemsha, maana kuchemsha peke yake hakutoshi. Kinacholiwa ni wanga uliooshwa.

Huchimbwa majani yakishanyauka. Humenywa, hukunwa, hutiwa maji na kuchujwa kwa kitambaa chepesi. Makapi yatupwe mbali na kuku na mbuzi. Maji yale meupe huachwa yatulie kama saa sita. Wanga hutuama chini ukashikamana hata ukiinamisha beseni hauondoki. Maji ya juu humwagwa, hutiwa mapya, huvurugwa mpaka chini, kisha huachwa tena. Hapo ndipo watu wanapokata njia: wanaosha mara mbili wanaanika. Huoshwa mara tano, sita, hata zaidi, mpaka maji ya juu yawe maangavu na wanga ukiugusisha ncha ya ulimi hauna uchungu. Kwa macho huwezi kutofautisha, unga mbaya nao ni mweupe vilevile.

Ukiupokea, vuruga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi, uache saa moja, uonje uliotuama kisha uteme. Ukiwa mchungu, uoshe wote upya. Kuukausha huko baridini ndiko kwenye kazi. Utandaze mwembamba kwenye kitambaa, uufikiche kila baada ya saa chache. Ukiganda mabonge, ndani hubaki unyevu ukaota ukungu. Ukitumia oveni, usipite nyuzi 50 na mlango uwe wazi kidogo. Joto likizidi, wanga mbichi huanza kuiva, unakuwa magamba magumu yasiyoyeyuka tena.

Mama Nuru:
Ahsante sana mama. Na uji napimaje?

Bi Saada:
Kijiko cha chakula kimoja, kilichosawazishwa, kwa kikombe cha maji baridi (ml 250). Uvuruge kabla sufuria haijaona moto. Ukiumwagia maji ya moto unafanya madonge, nje yameiva, ndani unga mkavu. Moto mdogo, mwiko ufike chini muda wote kwa sababu unatuama haraka. Mwanzo ni mweupe kama maziwa, kisha utaona nyuzi angavu zinapanda kutoka chini, halafu ghafla wote unang'aa na kuwa mzito. Ipua hapo hapo. Ukiuacha utokote sana unalegea, na watu huongeza unga bure. Ndimu itiwe baada ya kuipua, nayo huulegeza.

Mwanaidi (muuguzi):
Naongeza jambo moja, nalo ni muhimu. Uji huu ni laini kwa tumbo na unatia nguvu kidogo, lakini haurudishi chumvi anazopoteza mtu anayeharisha. Mzee apewe pia maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi inadhuru. Kama ana shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo, mumuulize daktari wake kwanza. Akiwa na kisukari, huo uji ni wanga mtupu na utampandisha sukari. Akiona damu kwenye choo, akikosa mkojo au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe uji huu kabisa, ni ziwa la mama tu.

Bakari:
Halua: wanga kikombe 1, sukari vikombe 3, maji vikombe 6, samli robo tatu ya kikombe, iliki, kungumanga na zafarani. Uvuruge wanga kwenye vikombe 2 vya maji, sukari ichemke kwenye 4 vilivyobaki, kisha mimina wanga huku ukikoroga. Samli iingie kidogo kidogo. Ukiitia yote mapema itaelea na kukataa kuingia. Viungo vitie mwishoni. Jiandae kukoroga karibu saa nzima, mpaka halua iachane na sufuria na samli ianze kujitoa pembeni.