Mbao za boti zina madoa meusi na kijivu: msasa, jiki au asidi ya oksaliki kabla ya kupiga vanishi upya?

Dau_la_Kunduchi
Wakuu, habari za jioni. Nina boti ya futi 22, naiegesha Kunduchi. Mbao za ukingoni, mlango wa chumba na mpini wa usukani ni mtiki. Vanishi ilianza kubanduka tangu masika ya mwaka jana, nami nikachelewa. Wiki hii nimeikwangua yote, na chini yake nimekuta rangi tatu. Palipokaa juani ni kijivu kama jivu la mkaa. Kila skrubu imezungukwa na duara jeusi kama wino uliomwagika. Kwenye maungio, maji yalikopenya chini ya vanishi, kuna michirizi myeusi inayofuata nyuzi za mbao.

Fundi wa kwanza ameniambia nipige msasa tu. Wa pili anasema jiki. Wa tatu anataja asidi. Nataka nimalize ndani ya kipupwe hiki kabla vuli haijaanza. Aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake anieleze tofauti.

Seremala_Magogoni
Mkuu, kijivu kisikunyime usingizi. Hilo ni jua. Miale yake huvunja ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao, mvua inaiosha, zinabaki nyuzi tupu zilizopauka. Tabaka lenyewe ni jembamba sana. Anza na msasa namba 80, fuata 120, malizia 180, siku zote kwa kufuata nyuzi. Ukikata nyuzi kwa kupiga mviringo, vanishi itazionesha zile alama zote.

Ila hayo meusi usiyafukuze kwa msasa. Yamezama. Niliwahi kushusha mashine ya msasa juu ya doa moja la skrubu, nikapata shimo kama kisahani na doa bado limo. Mbao ya ukingoni haina unene wa kuchezea, na kama mlango wako ni playwudi yenye ngozi ya mtiki, utatoboa ile ngozi kabla doa halijaisha.

Kaskazi77
Mimi nilitumia jiki kwenye boti ya shemeji yangu, nikaipaka bila kuichanganya na maji. Michirizi ya kwenye maungio ilififia mbele ya macho yangu, ndani ya dakika kumi hivi. Nikafurahi, nikamwaga nyingine kwenye madoa ya skrubu. Hayakutikisika. Kesho yake mbao ilikuwa imeota manyoya, ukipitisha kiganja unahisi nyuzi zimesimama. Na kwa sababu sikuisuuza vya kutosha, vanishi ilianza kuachia kabla hata mwaka haujaisha.

Mama_Nahodha
Kaka Kaskazi, hapo umetoa somo kubwa. Michirizi iliyofifia kwa jiki ilikuwa ukungu, na jiki inaua ukungu. Madoa ya skrubu ni kitu kingine kabisa: ni chuma. Mtiki, mvule na mbao nyingi za aina hiyo zina tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao. Chuma kikipata kutu, maji yanaibeba ile kutu hadi kwenye tanini, vikikutana vinatengeneza rangi nyeusi. Zamani watu walitengeneza wino wa kuandikia kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana mwenye mada ameliona kama wino. Jiki haina la kufanya hapo.

Dawa ya chuma ni asidi ya oksaliki. Inaishika ile kutu na kuigeuza kitu kinachoyeyuka, kisha unakisuuza kwa maji. Inauzwa kama chembe nyeupe zinazofanana na sukari, ulizia kwa wauza kemikali. Mimi nayeyusha gramu 80 hadi 100 katika lita moja ya maji ya uvuguvugu, ndani ya ndoo ya plastiki. Usitumie sufuria. Paka ubao mzima na siyo doa peke yake, maana asidi inang'arisha mbao, na ukipaka doa tu utabaki na duara jeupe mahali pa duara jeusi. Acha dakika 20 hadi 30, usiruhusu ikaukie hapo, sugua kwa brashi laini, suuza. Doa likibaki, rudia.

Nawaomba sana mzingatie haya. Asidi hii ni sumu. Vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali, chupa iandikwe. Ikikauka inaacha vumbi jeupe; ukilipiga msasa bila barakoa na kulivuta, utaumia kifua. Na kama ulishapaka jiki, suuza mpaka harufu iishe kabisa kabla ya kuileta asidi. Jiki na asidi zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na ndani ya chumba kidogo cha boti hiyo gesi inaweza kuua.

Dau_la_Kunduchi
Asante dada, nimeelewa. Je, ndimu au limau haviwezi kufanya kazi hiyo? Na kuna mtu amenitajia kisafishio cha chupa mbili.

Mama_Nahodha
Ndimu itasaidia doa la juujuu. Kwa lililozama utachoka. Birimbi lina nguvu zaidi, kwa kuwa asidi iliyo ndani yake ni hiyohiyo ya oksaliki. Bibi yangu alikuwa akikata birimbi na kusugulia kutu kwenye kanga nyeupe, akaanika juani, akarudia mpaka doa liondoke. Lakini kwa boti ya futi 22 ungemaliza mbirimbi mzima.

Chupa mbili: ya kwanza ina kostiki, kemikali kali inayounguza, ya pili ina asidi ya kuituliza. Inasafisha haraka sana, na inakula sehemu laini za mbao ikaacha mifereji. Kwa sitaha ya mtiki mtupu iliyokithiri uchafu nakubali. Kwa mbao utakayoipiga vanishi, mimi siishauri.

Mzee_wa_Omo
Wanangu, nimewasoma. Sisi kwenye majahazi tulipaka sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Mbao ilikunywa, haikupasuka, na hakuna aliyekwangua chochote.

Seremala_Magogoni
Shikamoo mzee. Ni kweli tupu, na kwa jahazi bado naikubali. Tatizo ni kwamba mbao ikishakunywa sifa, vanishi haiishiki tena. Akichagua njia hiyo, ndiyo hiyohiyo mpaka mwisho.

Mzee_wa_Omo
Marahaba. Hapo umesema. Basi nimuulize mwenye boti: hizo skrubu umezitoa? Maana mnaosha damu na msumari bado umo kwenye mguu.

Kaskazi77
Mzee amegusa penyewe. Na msisugue kwa steliwulu, zile nyuzi za chuma za kusugulia, inaacha vipande vidogo vya chuma kwenye nyuzi, mvua ya kwanza ikija unapata nukta nyeusi mbao nzima. Tumia brashi ya plastiki.

Dau_la_Kunduchi
Narudi na majibu. Nilizitoa skrubu zote 34. Nilipozipitisha kwenye sumaku, 19 ziling'ang'ania; aliyeniuzia alisema zote ni stenlesi, na stenlesi nzuri ya boti kwa kawaida hainasi kwenye sumaku. Madoa makubwa yalikuwa kwenye hizo 19.

Nilijaribu kwanza. Tone la jiki kwenye mchirizi mmoja wa maungio: ulififia. Nikaosha sehemu za ukungu, nikasuuza mara tatu, nikaacha siku mbili ndipo nikaleta asidi. Duara la kwanza niliketi nikalitazama. Baada ya dakika tano hivi ukingo wake ukawa kahawia, kisha ule weusi ukaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye tundu. Mengi yaliisha kwa mara ya pili. Matatu yamebaki vivuli vyepesi, nimeyakubali.

Mama_Nahodha
Hongera sana kaka. Sasa suuza na maji yenye magadi kidogo kutuliza asidi, halafu maji baridi tele. Maji ya bomba, siyo ya bahari. Chumvi inavuta unyevu na kuuweka chini ya vanishi. Acha ikauke siku nne au tano chini ya kivuli. Ukipata kipima unyevu, subiri kishuke chini ya asilimia 15. Nyuzi zitakuwa zimesimama, zilaze kwa namba 180 kisha 220, barakoa usoni.

Seremala_Magogoni
Mkono wa kwanza changanya vanishi na thina nusu kwa nusu ili izame. Wa pili punguza thina, wa tatu kuendelea ipige nzima. Kwa jua letu usikomee mitatu, fika sita hadi minane, na kila ukikauka pitisha msasa wa 320 kidogo. Matundu ya skrubu yapake vanishi kwa ndani pia. Maji huanzia humo.

Dau_la_Kunduchi
Nimepiga mkono wa kwanza leo saa tatu asubuhi, umande ulipokwisha kukauka. Skrubu mpya nilizipitisha kwenye sumaku pale pale dukani, moja moja, kabla ya kulipa.