Mrejesho: Tucson na mama, bila haraka

Wakuu, niliuliza nimpeleke wapi mama, aliyekuja Marekani kututembelea kutoka Tanga, aone jangwa bila kuchoka. Mlinijibu Tucson, Arizona, tena Februari, si Julai. Tumeenda, asanteni sana.

Ushauri wa jambo moja kwa siku ndio uliotuokoa: asubuhi matembezi, mchana mama analala. Arizona-Sonora Desert Museum, yaani makumbusho ya jangwa, msidhani ni jengo la makabati ya vioo; karibu yote iko nje, wanyama na mimea, kwa hiyo wahini mlango unapofunguliwa. Hifadhi ya Saguaro ina pande mbili, mashariki na magharibi ya mji. Sisi tulitosheka na ya magharibi. Yale madungusi marefu yaitwayo saguaro yanaweza kufikisha miaka 75 kabla ya kutoa tawi la kwanza. Mama aliyaangalia akasema, "Basi huyu nimwamkie shikamoo."

Kanisa la San Xavier del Bac, lililokamilika 1797 na lililo kwenye ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa huko, bado lina ibada. Ingieni kwa adabu.

Mount Lemmon, mlima ulio karibu na mji, mnapanda kwa gari, kutoka madungusi hadi misonobari na theluji. Bebeni masweta, huko juu si mchezo.

Kwa Waislamu wenzangu: hotidogi ya Kisonora inayosifiwa (soseji ndani ya mkate, mtindo wa Sonora, Meksiko) huviringishwa kwa nyama ya nguruwe. Sisi tulikula "taco", vile vichapati vya Kimeksiko vinavyokunjwa, vya nyama ya ng'ombe na maharage. Na kodini gari. Kwa miguu na basi mzee atateseka.