Mada: Fomu ya saini ya I-20 imerudishwa kwa sababu ya taco

Kutoka: Mwanafunzi wa La Mesa

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo.

Wanafunzi wenzangu hapa San Diego wamepanga kuvuka mpaka Jumamosi kwenda Tijuana, Mexico, kula taco (chapati ndogo za mahindi zenye nyama), zile za barabarani zenyewe, si hizi za huku zenye jibini ya njano. Pasipoti yangu ya Kenya haina shida, I-94, ile rekodi ya kuingia Marekani, imeandikwa D/S, yaani nakaa muda wote wa masomo, ila viza yangu ya mwanafunzi, F-1, imekwisha muda. Saini ya safari kwenye I-20, ile hati ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, nayo imepitisha mwaka, ndiyo nikaenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni DSO, afisa wao wa kusaini, anisainie. Nikapewa fomu nijaze. Penye "sababu ya safari" nikaandika ukweli: kula taco. Fomu imerudi na mstari mwekundu, eti sababu haitoshi, nijaze upya na nisubiri siku kumi za kazi.

Swali langu ni dogo tu. Hapo penye sababu huwa mnaandika nini?

---

Kutoka: Mbeba Boksi, Chula Vista

Marahaba mdogo wangu. Achana na ofisi, hao wanalipwa kwa kukuchelewesha. Kuna AVR, yaani viza kuhuishwa yenyewe mpakani. Ukienda Mexico au Canada, usipozidisha siku 30 na I-94 yako ikiwa hai, viza iliyokwisha inahesabika hai siku unayorudi. Mimi nikiwa F-1 nimepita hivyo. Afisa aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia tumbo.

Ukifika kule usitafute meza. Simama palepale penye moto. Agiza adobada, wengine wanaiita al pastor: nyama imepangwa kwenye chuma kilichosimama, inazunguka mbele ya moto, jamaa anachana vipande vyembamba vinadondokea kwenye chapati ya mahindi ndogo kama kiganja. Juu anaweka kitunguu, dania na kijiko cha parachichi lililopondwa, anakukunjia kwenye karatasi. Zinakuja ndogo, usidharau. Na hulipi kwanza. Unakula, unaongeza, mwisho unataja umekula ngapi na wanakuamini. Nchi yenye kuaminiana hivyo mimi naiheshimu.

---

Kutoka: Mzee wa Oceanside

Mbeba Boksi, unampoteza mtoto wa watu.

AVR ni ya kurudi huku. Umesahau kwamba lazima kwanza aingie kule. Mexico humsamehe viza yao mwenye viza ya Marekani ILIYO HAI, au mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, Canada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen. Mkenya mwenye viza iliyokwisha hayumo. Huyo anatakiwa kuomba viza ya Mexico kwenye ubalozi wao mdogo, akapange miadi, apeleke picha na taarifa za benki, yote hayo kwa ajili ya taco. Hizo ni serikali mbili, na huyu hajali yule kasema nini.

Na hata hiyo AVR ina masharti hukuyataja. Ukiomba viza mpya ukiwa nje, imekufa; hurudi mpaka upewe. Tena I-20 lazima iwe na saini, kwa hiyo ofisi usiyoitaka bado unaihitaji.

---

Kutoka: Mbeba Boksi, Chula Vista

Mzee wangu, heshima yako ipo palepale. Lakini wakati wetu upande wa pili hakuna aliyeomba pasipoti. Unasukuma lile lango la chuma la kuzunguka, krrr, umeshaingia Mexico.

---

Kutoka: Mzee wa Oceanside

Wakati wenu na mimi nilikuwepo. Siku hizi wageni wana foleni yao, dirisha lao na fomu yao. Siku wakiamua kutazama watatazama, na atakayerudishwa ni yeye, si wewe.

---

Kutoka: Dada wa National City

Saini ya I-20 si inakaa miezi sita? Mbona mnasema mwaka?

---

Kutoka: Mzee wa Oceanside

Miezi sita ni kwa walio kwenye OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo. Mwanafunzi anayesoma ni mwaka. Tulishaandika haya humu mara nyingi, watu hawasomi barua za nyuma.

---

Kutoka: Mkivu wa City Heights

Bandugu, salamu kwa wote. Mimi nasikia njaa kusoma hizi barua, lakini niseme kitu kimoja. Humu kuna watu wa asylum, walioomba hifadhi, ambao kesi haijaisha. Musivuke! Ukitoka bila AP, ile ruhusa ya kusafiri inayoombwa kwa fomu I-131, wanahesabu kama umeacha kesi yako mwenyewe. Haijalishi umeenda kula ao kuzika. Na mkimbizi ambaye hajapata makaratasi ya kudumu, bila RTD, hati ya kusafiria ya mkimbizi, asisogelee huo mpaka. Pale kwetu mtu alifuata harusi, masaa tu, na mpaka sasa mwanasheria anakula pesa yake. Taco iko hata hapa University Avenue, na hakuna mtu atakuuliza karatasi.

---

Kutoka: Mrundi wa El Cajon

Nyinyi mnagombana juu ya saini. Sisi Warundi tangu Juni 2025 Marekani imetufungia viza zenyewe za F, pamoja na za B (matembezi), M (masomo ya ufundi) na J (mabadilishano). Mpwa wangu ana I-20 mkononi, amekaa Bujumbura anaitazama.

---

Kutoka: Dada wa National City

Pole sana ndugu yangu. Na Kongo pia si wamo kwenye ile orodha?

---

Kutoka: Mkivu wa City Heights

Hapana dada! Ile ya Juni 2025 ilitaja Kongo ya Brazzaville. Sisi ni Kinshasa. Kila siku watu wanatuchanganya, mpaka kule kazini boss aliniuliza kama nimefungiwa. Nikamuonyesha ramani kwenye simu.

---

Kutoka: Mbeba Boksi, Chula Vista

Na viongozi wetu wa Afrika kimya. Wakifungiwa watoto wao ndipo mtasikia matamko. Ila watoto wao wana pasipoti mbili mbili, watafungiwa na nani? Sisi uraia pacha tunaulilia tangu enzi, tunaambiwa subirini.

---

Kutoka: Msimamizi

Siasa zina siku yake. Rudini kwenye mada tafadhali. Na ukijibu, futa barua za chini, wengine tunasomea kwenye simu.

---

Kutoka: Bint Shela

Assalaam alaykum, na wasio Waislamu hamjambo.

Mimi nashangaa kurasa zote hizi hakuna aliyemwambia mtoto kwamba adobada ni nguruwe. Mbeba Boksi umeisifu mpaka karatasi yake, la muhimu hukulisema. Huyu hakusema dini yake, lakini humu tuko wengi wa pwani na tunasoma.

Basi na wenye haja wachukue. Adobada, carnitas, chorizo na buche, zote nguruwe. Asada ni ng'ombe, lengua ni ulimi, cabeza ni kichwa, tripa ni utumbo wa ng'ombe. Birria, nyama ya mchuzi, asili yake ni mbuzi, Jalisco huko Mexico, ila huku kaskazini wengi wanaipika kwa ng'ombe, kwa hiyo uliza. Ng'ombe si nguruwe, lakini kuchinjwa kwake ni jambo lingine, hapo kila mtu na msimamo wake, mimi sitoi fatwa. Tazama na kisu. Ukiona mtu mmoja anakata adobada kisha anahamia asada kwa kisu kilekile, endelea na safari yako. Maharage yaliyopondwa mara nyingi yana mafuta ya nguruwe, manteca wanayaita. Chapati ya mahindi kwa kawaida ni mahindi, maji na chokaa tu, salama. Ile ya ngano ndiyo ya kuuliza, wengi wanaikanda kwa manteca.

Kinachouma ni kwamba hiyo al pastor walioianzisha ni watoto wa Walebanoni. Wahamiaji wa Mashariki ya Kati walifika Puebla, Mexico, na shawarma yao ya kondoo, miaka ya 1930 wakawa wanaiuza kwenye mkate, inaitwa taco árabe mpaka leo. Baadaye kondoo akaondoka akaingia nguruwe, mkate ukaondoka ikaingia chapati ya mahindi, nanasi likakaa juu. Chuma tu ndicho kilichobaki kinazunguka.

Mimi nakula samaki. Taco ya samaki ni ya Baja California, upande wa Mexico, Ensenada huko, na zamani walikuwa wanatumia papa. Papa! Nilipoambiwa hivyo na mama anayeuza pale ninapokula, nilikaa nikamtazama. Huku nikisema nimekula papa watu wanadhani nimechanganyikiwa. Samaki anachovywa kwenye rojo la unga, anakaangwa, juu kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, sosi nyeupe, na ndimu. Sitaki mengi zaidi duniani.

---

Kutoka: Mzee wa Oceanside

Bint Shela, hilo rojo la unga wengi wanalikoroga kwa bia.

---

Kutoka: Bint Shela

Mzee, nimeishi na hao watu. Pale ninapokula nimeuliza, wanatumia maji ya soda. Nimesema MIMI nakula, sikusema kila mtu ale kila mahali.

---

Kutoka: Mzee wa Oceanside

Nimesema wengi. Sikusema wa kwako.

---

Kutoka: Dada wa National City

Jamani. Mie kinachonimaliza si nyama. Ni yule anayekaa nje ya duka la Wameksiko na toroli la mahindi. Anachoma, anapaka ndimu na pilipili ya unga na chumvi. Ukimwambia asiweke mayonezi na jibini anakutazama kwa huruma, lakini anakupa. Nilikula nimesimama, nikasikia niko Coco Beach ya Dar magari yanapiga honi. Na embe bichi lenye pilipili wanalo kwenye mfuko. Na ukwaju! Agua de tamarindo, ile ile, na kokwa zinabaki chini ya gilasi kwa wanaotengeneza wenyewe. Nilipiga simu nyumbani usiku ule nikaongea mpaka salio likakata.

Kuna unga pia. Wageni mnaouliza unga wa ugali: ule wa chapati za taco, Maseca, HAUFAI. Ule mahindi yake yamechemshwa na chokaa. Ukiupika unanata na harufu yake si yetu. Dukani hapohapo tafuta unga mweupe wa mahindi wa kawaida ambao haujapikwa.

---

Kutoka: Mkivu wa City Heights

Ni kweli kabisa. Shemeji alipika fufu na Maseca, watoto wakalia.

Lakini musitukane chokaa. Wale wazee wa Mexico walikuwa na akili. Mahindi bila chokaa, ukila hayo tu miaka, unapata ugonjwa wa ngozi, pellagra. Sababu ile vitamini B3 imefungwa ndani, chokaa inaifungua. Wareno walituletea mahindi Afrika, hawakuleta chokaa. Mimi nilikuwa muuguzi Bukavu, huku nabeba wazee, lakini vitu sijasahau.

---

Kutoka: Mbeba Boksi, Chula Vista

Dokta Mkivu, tumekuelewa. Bint Shela, samahani kuhusu adobada, mimi kwangu kila kinachozunguka ni shawarma.

Mwanafunzi, kwa nini uvuke kabisa? Hapa kwetu Chula Vista wapo Tacos El Gordo, hao wenyewe wametoka Tijuana, walianza kule 1972. Unakuta foleni kwa nyama: wa adobada huku, wa asada kule, wa utumbo na ulimi kwingine. Mgeni anajipanga foleni ndefu akidhani ni ya malipo, akifika anaambiwa hii ni ya adobada. Uliza kwanza. Chukua figili na ndimu, na ile salsa nyekundu onja kwa ncha ya kidole kabla hujamwaga.

---

Kutoka: Mzee wa Oceanside

El Gordo ni wazuri, lakini si sawa na kule. Asada ya kule inachomwa kwa mkaa wa mti wa mesquite, unaunusa kabla hujafika. Na mtu asiniambie kibanda si mkahawa. Mwaka 2024 Michelin, wale wapima mikahawa, waliwapa nyota El Califa de León wa Mexico City, kijisehemu ambacho watu wanakula wima. Nyama, chumvi, ndimu, chapati, basi.

---

Kutoka: Mwanafunzi wa La Mesa

Asanteni sana wote, nimejifunza mengi. Nimewaambia wenzangu sivuki mpaka viza ipatikane. Ila Desemba nataka kwenda nyumbani, na saini ya I-20 bado naihitaji. Ile fomu inataka sababu ya kila safari. Nyinyi mliandika nini?

---

Kutoka: Mrundi wa El Cajon

Desemba tiketi zinapanda. Nunua sasa. Mimi napitia Addis, mizigo ni miwili.

---

Kutoka: Dada wa National City

Addis wanachelewesha mizigo. Pitia Doha.

---

Kutoka: Mbeba Boksi, Chula Vista

Mimi Jumamosi jioni naenda El Gordo, gari lina nafasi tatu. Nawachukua wa City Heights na La Mesa, Bint Shela tunampitisha kwanza kwenye samaki wake. Mchango wa mafuta ni hiari lakini si hiari sana. Nani na nani?

---

Kutoka: Mkivu wa City Heights

Mimi niko, na mtoto mmoja. Huyo mtoto anahesabika nafasi?