Naomba ushauri: lishe na mazoezi kwa mgonjwa wa Huntington
Ndugu wanajamvi, kaka yangu, mwenye miaka 44, ana ugonjwa wa Huntington (ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo polepole na kufanya viungo vicheze bila hiari), uleule uliomchukua baba yetu, ambao kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi (mimi bado sijapima). Kwa kuwa mikono na miguu yake haitulii mchana kutwa, anakonda ingawa anakula vizuri. Tumemwongezea karanga, parachichi na uji mzito wa maziwa, maana chai humpalia, na kikombe humfikia mdomoni kikiwa nusu. Jioni tunatembea pamoja hadi msikitini. Mliowahi kumuuguza mgonjwa wa namna hii, naomba mnieleze mlimpa milo mingapi kwa siku, na ni mazoezi gani yalimsaidia kusimama imara bila kuanguka.