Giza la Tarehe Mosi

Kikundi: UA WETU TANDIKA
Jumamosi, tarehe 1, saa 1 na dakika 10 jioni

Mama Zai: Jamani umeme umeisha. Mita inasoma 0.00. Zamu ya nani?

Dogo wa Boda: Yangu imepita. Nilinunua tarehe 28.

Baba Ima: Ulinunua wa 1,000 Dogo. Yuniti 2.8. Zimeisha simu yako ikiwa bado kwenye chaji.

Dogo wa Boda: Zamu ni zamu Baba Ima 😂

Dada Chumba cha Mwisho: Mimi niko kazini, nikirudi saa nne nitanunua.

Mama Zai: Kila tarehe mosi wewe unatoka saa nne. Mwezi uliopita Baba Ima alikuwa msibani, mwezi ule mwingine Dogo simu yake haina salio. Mwisho nikanunua mimi mara mbili mfululizo, maana barafu zangu zinayeyuka. Leo sinunui. Nimeshazihamishia kwa jirani.

Bi Mkubwa: Wanangu, mbona tunakaa gizani kama tuko eda? Hiyo tarehe mosi ina nini?

Mwalimu: Shikamoo Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa: Marahaba mwanangu. Nieleze.

Mwalimu: Ni kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, huu umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida kama hii, na 2023 ikapanda kuwa 1,500. Inakatwa kwa anayenunua wa kwanza mwezi ukianza. Wa pili na wa tatu hawaguswi. Ndiyo maana kila mtu anamvizia mwenzake.

Mama Zai: Ngoja niwaonyeshe meseji yangu ya mwezi uliopita.

*[picha]*

Mama Zai: Nilitoa 5,000. Wakakata 1,500. Nikapata yuniti 9.8. Bila hiyo kodi ningepata 14. Na hiyo nyumba si yangu, hata mlango wa chumba changu si wangu.

Baba Ima: Hapo ndipo pananiuma. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mimi nikimlipia, nipewe basi japo tofali moja niandike jina.

Dogo wa Boda: Baba Ima achukue la choo 😂

Bi Mkubwa: Dogo.

Dogo wa Boda: Samahani Bi Mkubwa.

Dada Chumba cha Mwisho: Lakini tugawane tu jamani. Vyumba vitano, 1,500, kila chumba 300. Tunakaa gizani kwa ajili ya mia tatu?

Mama Zai: Mia tatu yangu naitafuta kwa jua dada. Halafu leo ni mia tatu, ilikuwa mia mbili juzi tu. Ikipanda tena nani atasema, kama anayeumia si anayedaiwa? Mwenye nyumba hata hajui kama ilipanda, maana haijawahi kumtoka mfukoni.

Mwalimu: Mama Zai umesema neno kubwa sana hapo. Tukumbuke tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 2021, ya juu kabisa ilikuwa 10,000. Kila mtu aliyetuma hela aliiona ikikatwa, watu wakalalamika nchi nzima. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, 2022 ya juu ikawa 4,000, na Julai 2023 ile ya kutuma ikafutwa. Kodi anayeiona aliyelengwa husemewa. Hii ya LUKU imejificha kwenye tokeni ya mpangaji, mwenye nyumba haimfikii.

Baba Ima: Mwalimu leo umekuja na daftari.

Mwalimu: Daftari ninalo kweli, na lina jambo lingine nimelikalia wiki nzima. Hili ndilo kubwa kuliko mia tatu. Naomba msome mpaka mwisho.

Mwalimu: Kuna bei ya umeme ya watumiaji wadogo, D1. Ukitumia mpaka yuniti 75 kwa mwezi, yuniti ni sh 100. Ukiongeza asilimia 18 ya VAT, 3 ya REA (umeme vijijini) na 1 ya EWURA (wadhibiti wa nishati) inafika 122. Bei ya kawaida, T1, ni 292, na makato hayo inafika kama 356. Sisi tuko T1.

Mama Zai: Kwa nini? Sisi ndio wadogo kuliko wote mtaani hapa.

Mwalimu: Kwa sababu mita ni moja. Wao wanahesabu mita, hawahesabu vyungu. Vyumba vitano kwenye mita moja tunatumia kama yuniti 150 kwa mwezi, kwa hiyo tunaonekana kama tajiri mmoja. Kuna mtu ana nyumba yake peke yake, geti, bustani, anakaa na mkewe tu, anatumia 70. Yeye analipa 122. Mama Zai anayegombania taa na familia nne analipa 356.

Dogo wa Boda: Aisee.

Mwalimu: Yuniti 150 kwa bei yetu ni kama 53,400. Kila chumba kingekuwa na mita yake kikatumia 30 kwa bei ya D1, kingelipa 3,660. Vitano vyote 18,300. Tunapoteza kama 7,000 kila chumba kila mwezi, halafu tunagombana kwa 300.

Baba Ima: Rudia hapo kwenye elfu saba.

Mwalimu: Elfu saba Baba Ima. Kila mwezi.

Mama Zai: Mimi na friji langu sitafika 75?

Mwalimu: Kwa friji lile dogo, ukiwa peke yako kwenye mita, nadhani utabaki chini. Tutalipima.

Bi Mkubwa: Mimi nilidhani waliweka bei hiyo kwa ajili ya watu kama sisi.

Mwalimu: Nia ilikuwa hiyo Bi Mkubwa, na ni nia njema. Ila Dar es Salaam maskini hana mita, ana chumba. Aliyepanga hesabu aliwaza nyumba moja familia moja. Hili ningependa tulipeleke mkutano wa mtaa, kisha liandikiwe barua kwenda EWURA, maana wao ndio wanaopitisha bei.

Bi Mkubwa: Iandike, mimi nitaweka dole gumba wa kwanza. Sasa mwiteni Mzee, tusimsengenye na kikundini yumo.

Mama Zai: @Mzee Mwenye Nyumba shikamoo baba.

*saa 1 na dakika 52*

Mzee Mwenye Nyumba: *[ujumbe wa sauti 2:14]*

Bi Mkubwa: Mzee mwenzangu, sauti siisikii vizuri, uandike.

Mzee Mwenye Nyumba: Marahaba wote. Nimesoma tangu mwanzo. Nasema hivi, chumba ni 50,000 na sijapandisha miaka mitatu. Pili mimi nina miaka 68, nimesikia wazee wamesamehewa kodi ya jengo.

Mwalimu: Ni kweli Mzee, kuna msamaha wa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato, lakini ni kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Ile ya Mbagala unayokaa, peleka vielelezo TRA, mamlaka ya mapato, uulize. Hii ya huku ni ya kupangisha.

Mzee Mwenye Nyumba: Hilo la Mbagala sikulijua. Ahsante.

Mama Zai: Baba, na sisi tunashukuru kwa kutopandisha, hilo hatulisahau hata siku moja. Ila 18,000 kwa mwaka ni ya jengo lako. Tunaomba tu iwe wazi.

Mzee Mwenye Nyumba: Nimekuelewa mama. Sikuwa najua mnakaa giza. Kuanzia leo, manunuzi ya kwanza ya mwezi ni yangu, hiyo 1,500 naibeba mimi. Umeme unaobaki mtanirudishia kwenye pango.

Dada Chumba cha Mwisho: Mungu akubariki Mzee.

Mzee Mwenye Nyumba: La mita tano, sina ahadi. Kuunganisha mita moja mjini ni 320,960, mara tano ni zaidi ya milioni moja na laki sita.

Baba Ima: Tukichanga zile elfu saba saba, Mzee?

Mwalimu: 35,000 kwa mwezi kwa vyumba vyote. Mita ya kwanza ni miezi kama kumi. Na kabla ya hapo tuhakikishe mambo mawili: tutakubaliwa kuwekwa D1, na hiyo 1,500 isikatwe kwenye kila mita, maana jengo ni moja. Wapo waliokatwa mara mbili mwanzoni.

Mzee Mwenye Nyumba: Basi Jumamosi ijayo nakuja, tukae uani na hilo daftari. Nitatoka na jibu.

Mama Zai: Karibu baba, vitumbua vitakuwepo.

Dogo wa Boda: Mzee samahani, leo ndiyo tarehe mosi.

*saa 2 na dakika 9*

Mzee Mwenye Nyumba: *[picha ya tokeni]* Ya 10,000.

Baba Ima: Nimeingiza. Imesoma 23.9. Taa ya uani imewaka.

Mama Zai: Naomba pasi isichomekwe kwanza, nikazirudishe barafu.