Kichwa kinaniuma kila Jumamosi tangu nianze kula vizuri: je, ni kahawa au ni chakula?

Mkazi wa Kahawa Sukari

Habari za jioni, wanajukwaa. Kabla sijaeleza shida yangu, naomba msinicheke kwa sababu ya mahali ninapoishi: ndiyo, mtu aliyeacha sukari na anayesumbuliwa na kahawa anaishi Kahawa Sukari, na kila jioni kondakta hulitaja jina la kituo changu kana kwamba ananisuta.

Nafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja Upper Hill. Mwezi wa Januari, baada ya mama yangu kuambiwa kwamba ana kisukari, niliamua kubadilisha chakula cha nyumbani kwangu. Mandazi na mkate mweupe wa asubuhi viliondoka, ukaingia uji wa wimbi usiotiwa sukari, au nduma za kuchemsha pamoja na yai. Mchana nabeba githeri badala ya kununua chipsi. Jioni tunakula ugali kidogo na managu, terere au sukuma wiki kwa wingi. Kahawa ya ofisini sikuiacha, ila niliiondolea sukari. Nakunywa magi tatu kwa siku: ya kwanza saa mbili unusu asubuhi, ya pili mara tu baada ya chakula cha mchana, ya mwisho saa kumi alasiri, zote za kahawa ya kuyeyuka, na kila magi natia vijiko viwili vya chai vilivyojaa hadi juu. Mkebe wa kahawa uliokuwa nyumbani niliugawa, kwa kuwa nilijipangia kwamba Jumamosi na Jumapili ziwe siku za kusafisha mwili kwa maji ya ndimu.

Tangu hapo, kila Jumamosi ikifika kama saa nane mchana, kichwa huanza kuniuma nyuma ya macho, kisha maumivu husambaa pande zote mbili na kuwa mazito. Nasinzia, sina subira, na watoto wameshajua kwamba siku hiyo mama haulizwi neno. Jumapili huwa mbaya zaidi. Ajabu ni kwamba Jumatatu, nusu saa hivi baada ya magi ya kwanza, maumivu hutoweka kabisa. Mwenzangu mmoja ofisini anasema ni sumu zinazotoka mwilini na kwamba nivumilie; wifi yangu naye anasema ni njaa, nirudie chakula changu cha zamani. Kinachonisaidia mwisho wa wiki ni vidonge vya kutuliza maumivu, vile vya paracetamol vinavyoitwa vya nguvu zaidi: viwili Jumamosi na viwili Jumapili.

Niongeze kwamba mwaka jana nilipimwa nikaambiwa damu yangu imepungua, nikashauriwa kula mboga za kijani. Swali langu ni hili: niache kahawa moja kwa moja, au kasoro iko katika chakula?

Muuguzi wa Kasarani

Dada, umejieleza vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Tuhesabu saa. Kahawa yako ya mwisho ni Ijumaa saa kumi alasiri, na maumivu yanaanza Jumamosi saa nane mchana, yaani baada ya saa 22. Maumivu ya kichwa yanayotokana na kukosa kafeini, ile kemikali ya kahawa na chai inayotuamsha, kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na saa 24 tangu kikombe cha mwisho, hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, na kwa mtu aliyeacha kabisa huweza kuendelea kwa siku mbili hadi tisa. Kusinzia, hasira za karibu na kushindwa kutuliza mawazo ni wenzake wa safari. Ingekuwa ni njaa, isingeondolewa na kahawa isiyo na sukari wala maziwa; na zingekuwa ni sumu, kikombe hicho hicho kisingezizuia kwa nusu saa. Sumu za mwili huondolewa na ini na figo kila saa ya kila siku, hata Jumatano ukiwa Upper Hill, na hazingoji ndimu ya Jumamosi.

Sababu yenyewe ni hii. Ubongo hutoa kemikali iitwayo adenosini, ambayo pamoja na kazi nyingine hutuletea usingizi na kuipanua mishipa ya damu ya kichwani. Kafeini hukalia vile vipokezi ambavyo adenosini ingekalia, kwa hiyo mtu huwa macho na mishipa hubana. Anayekunywa kila siku hujengewa na mwili uzoefu wa hali hiyo, na kafeini inapokosekana ghafla, adenosini huikuta njia nyeupe: mishipa hupanuka, damu huongezeka kichwani, kichwa huuma. Ndiyo maana dawa yako ya Jumatatu hufanya kazi upesi, kwa kuwa unalipa deni lile lile.

Sasa kuhusu vile vidonge. Tafadhali chukua pakiti usome maandishi madogo ya nyuma. Vingi vya aina hiyo vina paracetamol miligramu 500 na kafeini miligramu 65 katika kila kidonge, kwa hiyo ukimeza viwili umekunywa kafeini miligramu 130, ambayo inazidi ile ya kikombe cha kawaida cha kahawa. Mwisho wa wiki unaouita wa kusafisha mwili, kumbe una kahawa yake katika karatasi ya fedha. Jambo la pili ni kwamba unavitumia siku nane kwa mwezi. Dawa za mchanganyiko namna hii zikitumiwa siku 10 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huweza kuzaa maumivu ya kichwa ya kudumu, nawe umekwisha kuukaribia mpaka huo. Ukilazimika kumeza kitu katika wiki chache zijazo, iwe paracetamol tupu.

Kiasi chako pia ni kikubwa kuliko unavyodhani. Kijiko cha chai kisichojazwa cha kahawa ya kuyeyuka ni gramu 2 hivi na hutoa kafeini ya miligramu 60 kwa makadirio. Kikijazwa hadi juu hukaribia mara mbili. Magi yako moja basi ina zaidi ya miligramu 200, na tatu zinapita 600, ilhali kiwango kinachokubalika kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 400 kwa siku, na kwa mjamzito ni 200 tu kwa mujibu wa wataalamu wa Ulaya. Huna haja ya kuacha. Una haja ya kupunguza, na ya kutoruka siku. Jumamosi na Jumapili kunywa kikombe cha asubuhi saa ile ile ya ofisini. Kisha ondoa kwanza magi ya saa kumi, kwa sababu mwili huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini, maana yake saa tatu usiku nusu yake bado inazunguka nawe unajiuliza mbona usingizi haushiki. Usiiondoe kwa siku moja. Punguza nusu kijiko kila baada ya siku tatu au nne, na kichwa kikianza kulalamika, simama hapo ulipo siku chache kabla ya kuendelea.

Hilo la damu ndilo lililonishtua zaidi, kwa kuwa hukuliuliza. Kahawa, na chai zaidi yake, ina viambato vinavyoshikana na madini ya chuma yatokayo katika mboga na nafaka na kuyazuia yasifyonzwe. Unakula githeri yenye maharagwe kisha unaifuatiza magi mara moja. Sehemu kubwa ya chuma uliyoitafuta unaimwaga. Isogeze kahawa hiyo hadi katikati ya milo, angalau saa moja na zaidi baada ya kula, na mezani weka kitu chenye vitamini C, kama kachumbari, chungwa, au ile ndimu yako iliyokaa bure kwenye maji. Kisha urudi ukapimwe damu tena.

Nisisitize kwamba haya yote ni kwa maumivu ya aina uliyoyaeleza. Maumivu yanayopiga ghafla kama radi, au yanayofuatana na homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kuona giza au kuchanganyikiwa, hayasubiri ushauri wa mtandaoni. Hayo ni ya kukimbiza hospitali usiku huo huo.

Mkaangaji kutoka Kirinyaga

Nakubaliana na muuguzi, ila niruhusiwe kuitetea kahawa kidogo, kwa kuwa ndiyo inayonilisha. Nakaanga kahawa katika karakana ndogo Industrial Area, na huwa inanisikitisha kwamba nchi iliyotoa SL28, aina ya mbuni iliyochaguliwa Kabete miaka ya 1930 na ambayo hata herufi zake ni za maabara ya Scott iliyokuwa hapo, bado inakunywa chai na kuiuza kahawa yake nzuri nje, kisha inarudi dukani kununua mkebe.

Mkebe huo usomeni. Zao letu la milimani, la Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Kiambu, karibu lote ni arabika, ambayo mbegu yake ina kafeini ya takriban asilimia 1.2. Kahawa nyingi za kuyeyuka huchanganywa na robusta, inayokaribia mara mbili ya hiyo. Ukihamia kahawa ya kusaga ya arabika, pima kwa mizani: gramu 10 za unga kwa kikombe kimoja, si magi, hukupa kafeini ya miligramu 100 au pungufu kidogo, na unajua ulichokunywa. Kijiko si kipimo. Kijiko ni tabia ya mkono.

Ushauri mwingine kwa anayejali afya: chuja kwa karatasi. Kahawa inayochemshwa katika sufuria na kumiminwa pamoja na mafuta yake huongeza kolesteroli mbaya kwa anayeinywa kwa wingi, na karatasi huyazuia mafuta hayo. Kitambaa au chujio la waya si sawa na karatasi.

Bi Mkubwa wa South C

Dada yangu, sisi tunaofunga haya tunayajua. Siku ya kwanza ya Ramadhani, ikifika alasiri, ukiingia nyumba yoyote utamkuta mtu mmoja amejifunga leso kichwani na hataki kusemeshwa. Marehemu mama, aliyelelewa Mombasa na aliyeipenda kahawa chungu ya tangawizi kuliko wali, alikuwa na utaratibu wake: mwezi wa Shaabani ukiingia alikuwa akipunguza kikombe kimoja kila wiki, akianza na cha asubuhi, mpaka inapoandama Ramadhani amebakiwa na kimoja tu cha usiku, baada ya futari, chenye kashata pembeni. Hakuwahi kusikia habari za adenosini, lakini leso ya kichwa sikumwona akiifunga.

Na kikombe chake kilikuwa kile kidogo kisicho na mkono, funda tatu kimekwisha. Ninyi wa ofisini mnakunywa kwa ndoo.

Kijana wa Umoja

Mimi niliacha kwa siku moja nikahamia chai ya rangi, na sikuumwa hata kidogo. Haya mahesabu ya vijiko naona ni kujisumbua bure.

Muuguzi wa Kasarani

Ndugu yangu, hukuacha, ulipunguza. Kikombe cha chai ya rangi kina karibu nusu ya kafeini ya kikombe cha kahawa, na kama ulikunywa vikombe vinne vya strungi kwa siku, kichwa chako hakikugundua msiba wowote. Kwa dada yetu hiyo ni njia halali pia ya kushuka, mradi asiinywe pamoja na githeri.

Mkazi wa Kahawa Sukari

Narudi baada ya wiki tano kuwapa matokeo, maana si adabu kuchota maji kisimani na kuondoka bila salamu.

Nilisoma pakiti ya vidonge: kafeini miligramu 65, kama ilivyosemwa. Nilikasirika, kisha nikacheka. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni, nikajaza kijiko kama kawaida yangu, nikapima: gramu 3.8. Wifi yangu alidhani nimeanza kuuza dhahabu.

Wiki mbili za kwanza nilishughulika na magi ya saa kumi tu, nikiipunguza nusu kijiko kwa nusu kijiko hadi ikaisha. Siku ya nne kichwa kiligonga kidogo, nikasimama kama nilivyoelekezwa, kikanyamaza. Kahawa ya mchana nimeisogeza hadi saa tisa na imekuwa kikombe kidogo; hiyo ilikuwa ngumu kuliko kupunguza, kwa sababu ofisini maji huchemshwa saa saba na nusu, kila mtu hujaza, na anayekuja saa tisa hukuta birika limepoa na hupewa majina. Asubuhi nimehamia ya kusaga, gramu 12 kwa karatasi, nyumbani, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Chakula sikukibadilisha. Kachumbari imeongezeka mezani, na kipimo cha damu nimepangiwa mwisho wa mwezi huu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikianua nguo, mvua ikitishia kutoka upande wa Ruiru, mwanangu mdogo akauliza kama anaweza kuleta rafiki zake ndani. Nikatazama saa, ikawa imekaribia saa kumi. Nilikuwa nimeisahau saa nane kabisa.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia ufumbuzi. Mama yangu huko kijijini hupika chai ya maziwa yenye majani mengi ajabu, huileta pamoja na chakula chenyewe, na hakubali mgeni aache kikombe hata kama mgeni huyo ni bintiye. Aliye na lugha nzuri ya kumweleza mzazi kwamba chai yake isubiri saa moja, naomba anisaidie kabla ya Pasaka.