Darubini za mfukoni "kwa matumizi ya nje": tumepigwa changa la macho

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia sana, leo acha niseme. Na kama wewe ni muuzaji wa hizi darubini ndogo za kukunja, soma mpaka mwisho kabla hujaja kuniambia "uliuziwa feki". Siyo feki. Naongelea zile za kawaida kabisa za macho mawili, 8x25 na 10x25 (namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita), boksi zuri lina picha ya tai na kilele cha mlima, na maneno makubwa: KWA MATUMIZI YA NJE.

Nje ipi? Maana dukani kila darubini ni nzuri. Mchana mweupe unaangalia bango la upande wa pili wa barabara, unasoma hadi herufi ndogo, unatoa hela kwa furaha. Shida haianzi siku hiyo. Inaanza kitu kikishaning'inia shingoni msimu baada ya msimu, kimeingia vumbi, kimelowa, kimekaa juani. Hapo ndipo unagundua hiki kifaa kilitengenezwa kiishi kwenye kabati la kioo.

Nianze na bawaba, maana ndizo zimenitoa roho. Darubini kubwa ina bawaba moja katikati. Hizi ndogo zina mbili ili zikunjike ziingie mfukoni, na kinachoshikilia kila moja ni ukazo wake tu, hakuna kingine. Zikiwa mpya zinakaza vizuri. Zikishazeeka zinalegea kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Unaipanga ikae sawa na upana wa macho yako, unaishusha, unainua tena, mrija mmoja umeshahama. Mpaka umalize kuipanga upya, ndege kaondoka na mti umebaki. Sasa tafuta skrubu uikaze mwenyewe: imefichwa chini ya kifuniko kilichogandishwa kwa gundi. Hawakukusudia mtu aifungue, ndiyo maana.

Bawaba zikilegea ni kero. Prizimu, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza picha ikae wima, zikihama ni ugonjwa. Mirija miwili lazima iangalie mahali pamoja kabisa, na ndani yake prizimu nyingi za bei ya kawaida zimeshikwa na tone la gundi au kibati chembamba. Ikigonga jiwe mara moja, basi. Na msidhani lazima uone picha mbili ndiyo ujue imeharibika. Ikihama kidogo tu, ubongo unalazimisha picha ziungane, huoni kosa lolote, ila baada ya muda kichwa kinagonga na macho yanachoka. Unasema labda ni jua, labda sijanywa maji. Kumbe ni darubini. Macho yetu yanaweza kugeuka kuelekea ndani bila taabu, tunafanya hivyo kila tukisoma, lakini jicho moja kwenda juu na jingine chini karibu hayawezi kabisa. Kwa hiyo kosa dogo sana la juu na chini linatosha kukutesa.

Mnaotaka kupima za kwenu: tafuta mstari uliolala na ulio mbali, mfano ukingo wa paa. Uangalie, kisha sogeza darubini polepole mbali na uso, kama shubiri moja, huku unaendelea kutazama yale maduara mawili. Mstari ukiwa juu kwenye duara moja na chini kwenye jingine, pole sana.

Haya, maji. Hapa ndipo usanii ulipo. Boksi limechorwa matone matatu ya maji, basi, wamemaliza. Matone matatu ni kipimo gani? Vipimo vipo: IPX4 maana yake inahimili maji ya kurushiwa kutoka pande zote, IPX7 maana yake inaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na mtu anayetembea kwenye mvua ana haki ya kujua amebeba kipi. Wao wanaandika "inastahimili maji" halafu ukienda kulalamika wanakuelekeza kwenye maandishi madogo: manyunyu tu.

Hata zile zilizozibwa vizuri, ambazo ndani hujazwa nitrojeni kavu au agoni, zinategemea pete za mpira. Mpira unazeeka. Gesi inatoka, hewa yenye unyevu inaingia, na asubuhi yenye baridi lenzi zinapata ukungu kwa ndani, kule ambako kitambaa hakifiki. Cha kuudhi zaidi, unyevu uliopata njia ya kuingia haupati njia ya kutoka. Unakaa humo, halafu kuvu inaota juu ya kioo. Kuvu ikishaota inatoa asidi inayokula mipako ya lenzi, na hapo hata ukisafisha alama inabaki. Na kile kimfuko cha kitambaa wanachokupa kama zawadi ndicho kinachotunza unyevu kuliko kitu chochote! Niliishia kuiweka kwenye kopo la kufunga pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Yaani kifaa cha porini kinahitaji kulelewa kama dawa ya kifua kikuu.

Raba ya nje nayo ikaanza kunata. Sasa sikilizeni hili: dawa za kufukuza mbu zenye DEET zinayeyusha aina nyingi za plastiki, na mafuta ya kujikinga na jua nayo hayapatani na raba nyingi. Kuna mtu anayekwenda nje bila kupaka kimojawapo? Mmetengeneza kifaa cha nje kinachoogopa mikono ya mtu aliye nje.

Suala la mwanga sitalaumu sana, hiyo ni hesabu. Gawa 25 kwa 8, duara la mwanga linalofika jichoni ni milimita 3.1. Kwa 10x25 ni 2.5. Mchana inatosha, ila magharibi mboni inafunguka hadi milimita 5 na zaidi, na wanyama wengi wanatoka muda huohuo. Lenzi ya milimita 42 inakusanya mwanga karibu mara 2.8 ya ile ya 25. Sawa, ndiyo gharama ya udogo, nimekubali. Lakini basi msiandike "angavu hata gizani". Wale wa "30x60" inayoingia mfuko wa shati nao nawaachia rula: namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, pimeni wenyewe mcheke. Lenzi nyekundu nyekundu zile pia ni urembo tu, zinarudisha mwanga mwekundu na kukuachia dunia ya kijanikijani.

Na kabla hamjaanza: sifuti lenzi kwa pindo la shati. Napuliza vumbi kwanza, kisha brashi laini, kitambaa mwisho.

Tuje kwenye waranti. Jamani, waranti! Mchanga umeingia kwenye gurudumu la fokasi, linasaga: "matumizi mabaya". Raba inanata: "uchakavu wa kawaida". Prizimu zimehama: "umeidondosha". Ukungu ndani: "uliizamisha". Nikauliza, sasa waranti yenu inafunika nini? Nikajibiwa kasoro za kiwandani. Kwa hiyo bawaba kulegea kwa kufunguliwa na kufungwa, kazi pekee ya bawaba hapa duniani, siyo kasoro. Fundi wa kamera niliyempelekea aliigeuza mara mbili akanirudishia, akasema kuifungua na kuipanga upya itakula hela kuliko mpya.

Ninachotaka kutoka kwa watengenezaji si muujiza. Andikeni kipimo cha IPX kwa namba. Wekeni skrubu ya bawaba mahali bisibisi inafika. Uzeni pete za mpira. Kama hamwezi, futeni yule tai kwenye boksi.

Najua zipo ndogo nzuri zinazodumu, kwa hiyo wenye nazo semeni: aina gani, imekaa nje miaka mingapi, bawaba bado zinakaza, ndani kuna ukungu au hakuna, na mnavaa miwani au la, maana wa miwani bila milimita 15 hivi za nafasi kati ya jicho na lenzi wanaona nusu ya picha. Wale wa "nimefungua boksi jana, iko poa sana" naomba mkae pembeni kwanza.